Je, Wajua? Mhariri Aliyekamatwa Miezi Mitano Baada ya Harusi

Je, wajua kwamba kesi ya Kapenguria ya mwaka 1952 iliwafichua wabaguzi wa Kitale mbele ya dunia nzima? Kapenguria haikuwa na malazi, kwa hiyo mawakili wa Jomo Kenyatta na wenzake watano walifikia Kitale, kiasi cha kilomita 40 kutoka mahakamani. Hoteli ya mji ilikuwa ya Wazungu tu. D.N. Pritt, Mwingereza, hangeweza kuketi humo na H.O. Davies wa Nigeria wala Chaman Lall wa India wakapanga hoja za kesho yake. Kesi moja, milango miwili!

Je, wajua kwamba hata Mhindi tajiri hakuruhusiwa kununua shamba Trans Nzoia, wilaya ya mji huohuo wa Kitale? Ardhi ile ilitengewa Wazungu hadi mwisho wa miaka ya 1950. Mbukusu aliingia kama kibarua, kipande mkononi.

Je, wajua ni nani aliyekuwa akihangaika chini kwa chini kusaidia utetezi wa Kapenguria? Ni mwanahabari wa miaka 25, Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi mwenye asili ya Goa. Alisomea India, akarudi Kenya mwaka 1949, akajifunza Kiswahili, akaandikia Colonial Times na baadaye akahariri Daily Chronicle. Wakati huo mshahara ulipimwa kwa rangi: Mzungu juu, Mwasia katikati, Mwafrika chini. Pinto angeweza kutulia pale katikati na asiulizwe neno.

Je, wajua alivyotumia zawadi ya harusi? Alimwoa Emma Dias Januari 1954. Baba mkwe akawapa pesa za kuanzia maisha, na bwana harusi akaenda kununua mtambo wa kuchapisha. Juni mwaka huohuo alikamatwa. Emma anastahili safu yake mwenyewe, maana wake wengi wangefunga virago.

Je, wajua alifungiwa wapi? Takwa, kisiwani Manda, Lamu, jirani na magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Serikali iliwazuia huko watu wa kalamu kadhaa, akiwemo Gakaara wa Wanjau, aliyeandika shajara kizuizini. Ilipochapishwa ikashinda tuzo ya Noma mwaka 1984. Pinto alitoka Manda akapelekwa Kabarnet, na hakuachiliwa hadi 1959.

Je, wajua kwamba alianzisha gazeti la chama, Sauti ya KANU, kisha akaongoza Pan African Press iliyotoa Sauti ya Mwafrika na Nyanza Times? Tuseme ukweli, Bungoma hatukuwa wafuasi wake. Huku kulikuwa ngome ya chama pinzani, KADU, makamu wa rais wake akiwa Masinde Muliro, mwana wa Kimilili, na jogoo wa KANU hakuwika sana. Lakini alichokisema Pinto kuhusu ardhi kilimgusa maskini wa Kibabii sawasawa na wa Kiambu: mashamba ya walowezi yasihamie mifukoni mwa matajiri wapya.

Je, wajua aliishia wapi? Aliingia Bunge Julai 1964. Tarehe 24 Februari 1965, asubuhi, akiwa garini kwenye lango la nyumba yake Westlands, binti yake mdogo kiti cha nyuma, alipigwa risasi. Alikuwa na miaka 37. Ndiye mwanasiasa wa kwanza kuuawa hivyo katika Kenya huru.

Je, wajua kwamba Septemba mwaka huohuo shirika la kimataifa la wanahabari lilimtunuku, marehemu tayari, katika mkutano wa Santiago, Chile? Kenya ilisubiri hadi 2008 kumweka kwenye stempu.

Na je, wajua kwamba Kisilu Mutua, aliyehukumiwa kwa mauaji hayo, alikaa jela zaidi ya miaka 35 akisisitiza kwamba hakuua? Mwishowe aliachiliwa. Waliopanga kifo cha Pinto hawajawahi kusimamishwa kizimbani.