Ndimu si Limau: Daiquiri ya Watu Wawili

Ijumaa imefika, mwenzi wako anakuja, na mmekubaliana leo hamtoki. Kokteli utachanganya mwenyewe. Safi sana! Ila usikimbilie kununua chupa ya bei mbaya. Siri iko kwenye ndimu, na ndimu iko sokoni.

Mimi baa yoyote naipima kwa Daiquiri. Ina vitu vitatu tu: ramu nyeupe, ndimu na sukari, kwa hiyo ukikosea hakuna pa kujificha. Baa moja waliniletea stroberi zilizosagwa na barafu, na kimwavuli juu. Tamu, sikatai, lakini yule ni mjukuu. Bibi mwenyewe anatoka Cuba. Jina ni la Daiquirí, kijiji cha pwani karibu na Santiago de Cuba, na kinywaji huhusishwa na Jennings Cox, mhandisi Mmarekani wa migodi ya chuma huko mwishoni mwa miaka ya 1890.

Kwa glasi moja weka ramu ml 60, juisi ya ndimu ml 20 na vijiko viwili vya chai vya sukari laini. Anza na sukari na ndimu, koroga mpaka iyeyuke, maana kwenye pombe sukari huyeyuka kwa shida. Ndipo umimine ramu. Huna kopo la kutikisia? Chupa ya jamu yenye mfuniko inatosha. Ijaze barafu, tikisa kwa nguvu sekunde 15, kisha chuja kwenye glasi iliyokaa kwenye friji.

Sasa sikia: limau kubwa la njano liache kwa ajili ya chai. Juisi ya dukani nayo iache hukohuko dukani. Ile ndimu yetu ndogo yenye mbegu ni jamii ileile wanayokamua Cuba. Ikamue jioni hiyohiyo.

Kabla ya kumimina, muulize mwenzako: anapenda kali au tamu? Mwingine miaka miwili ya uchumba hajawahi kuuliza! Punguza au ongeza sukari kwa ajili yake, siyo kwa ajili yako. Kama hanywi pombe, toa ramu, weka soda nyeupe isiyo na sukari, na glasi iwe nzuri kama yako.

Na kumbuka, glasi hiyo ndogo ina toti mbili kamili. Mkishakunywa, funguo za gari zilale kabatini.