Mbolea Hai na Samadi katika Kilimo cha Soya

Soya ni zao la jamii ya mikunde. Punje yake ina takribani asilimia 40 ya protini na asilimia 20 ya mafuta. Protini hiyo hujengwa kwa naitrojeni, kirutubisho ambacho soya hukihitaji kwa wingi. Karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Wanaoigeuza ni bakteria wa udongoni waitwao Bradyrhizobium, ambao huingia mizizini na kuishi ndani ya vinundu. Mmea huwapa sukari, nao huupa naitrojeni.

Kwa kuwa soya asili yake ni Asia Mashariki, mashamba mengi ya Afrika hayana bakteria hao wa kutosha. Ndipo mbolea hai inapohitajika, yaani unga au maji yenye bakteria yanayopakwa kwenye mbegu. Brazili, mojawapo ya nchi zinazoongoza duniani kwa soya, ilikuza zao hilo kwa njia hii, kwa mchango mkubwa wa mwanasayansi Johanna Döbereiner. Nchini Kenya mbolea ya aina hii huuzwa kwa jina la Biofix.

Mbegu hulowanishwa kidogo kwa maji ya sukari au gundi, kisha huchanganywa taratibu na unga huo mpaka uenee kwenye kila punje. Kazi hii hufanyika kivulini, maana jua kali huua bakteria. Mbegu hupandwa siku hiyohiyo katika udongo wenye unyevu na kufukiwa mara moja. Pakiti ihifadhiwe mahali penye ubaridi, na isitumike ikishapitwa na muda wake.

Hata hivyo, bakteria hawafanyi kazi vizuri katika udongo uliochoka. Samadi iliyooza vizuri na mboji huongeza fosforasi na potasiamu, hulegeza udongo na kushika unyevu. Samadi mbichi haifai, kwani huweza kuunguza miche na kuleta mbegu za magugu. Penye upungufu wa fosforasi na tindikali nyingi, mbolea ya fosfeti ya Minjingu, itokayo mkoani Manyara, Tanzania, husaidia. Mbolea ya naitrojeni kama urea ikizidi, kinyume chake, huufanya mmea utengeneze vinundu vichache.

Matokeo hukaguliwa soya inapoanza kuchanua. Mche huchimbuliwa pamoja na udongo wake, mizizi husafishwa, na kinundu hupasuliwa kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi.

Baada ya mavuno, mizizi na majani yaachwe shambani ili yaozee humo na kunufaisha mahindi ya msimu unaofuata. Na kabla ya kutoa fedha kununua urea kwa ajili ya soya, mkulima achimbue kwanza miche michache na kukagua vinundu.