"Na", "Au" na "Wala" Mbele ya Kanzidata

Neno "na" ni miongoni mwa maneno mafupi kabisa katika lugha yetu, na ni nadra mtu kudhani kwamba lahitaji kufafanuliwa. Hata hivyo, tangu majalada ya masjala na katalogi za maktaba zilipoanza kuhamishiwa katika kompyuta, neno hilo limekuwa chanzo cha makosa yasiyoonekana kwa urahisi. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maneno ya mtafutaji yanavyogeuzwa kuwa ulizo la kanzidata, na kwa nini mfasiri wa programu hana budi kuyapima maneno hayo kabla ya kuyaweka mbele ya watumiaji.

Msingi wa jambo lenyewe ni wa zamani. Mwaka 1854 George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyefundisha Cork nchini Ireland, alitoa kitabu kuhusu kanuni za fikra, akaonyesha kwamba hoja za mantiki zaweza kukokotolewa kama hesabu. Mwaka 1970 Edgar Codd wa kampuni ya IBM alieleza namna ya kupanga data katika majedwali. Na mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa kampuni hiyohiyo, walitangaza lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo yaitwa SQL. Lugha hiyo huunganisha masharti kwa maneno matatu ya Kiingereza: AND, OR na NOT. Mfasiri asiye na hadhari huyaandika NA, AU na SIYO, akaona kazi imekwisha.

Tuchukue mfano. Ofisa wa masjala anatafuta majalada ya viwanja vya kata mbili za Dar es Salaam. Anaandika: Mabibo NA Manzese. Kompyuta hukagua rekodi mojamoja na kuuliza: je, kata ya kiwanja hiki ni Mabibo, na papo hapo ni Manzese? Kwa kuwa kiwanja kimoja hakiwi katika kata mbili, hakuna rekodi inayofaulu, na jibu linalotokea ni "Hakuna". Ofisa akiliamini jibu hilo, mwananchi aliyekuja kufuatilia haki yake ataambiwa kwamba jalada lake halipo, ilhali limo. Yafaa ieleweke kwamba ofisa huyu hakukosea Kiswahili. Mtu akisema "niletee majalada ya Mabibo na Manzese", kila msikilizaji ataleta ya huku na ya kule.

Tofauti ni hii: "na" ya mazungumzo hukusanya vitu, lakini NA ya mantiki hukusanya masharti. Kadiri vitu vinavyokusanywa ndivyo fungu linavyokua. Kadiri masharti yanavyoongezwa ndivyo fungu linavyopungua. Utata huzidi darasani, kwani sarufi huliita "na" kiunganishi, na hesabu za seti huita "muungano" fungu lenye vitu vya seti zote mbili. Mwanafunzi hudhani kwamba kiunganishi hicho ndicho kiletacho muungano, kumbe muungano wa seti ni kazi ya AU. Kadhalika, AU ya mantiki hairandani sawasawa na yetu. Mgeni akiulizwa "chai au kahawa?", hutazamiwa kuchagua kimoja, AU ya kompyuta hukubali kimoja au vyote viwili.

Jambo la pili ni mpangilio. Mabibo ilihesabiwa katika Kinondoni hadi Manispaa ya Ubungo ilipoanza mwaka 2016. Kwa hiyo mtafutaji wa kumbukumbu za miaka mingi hulazimika kutaja majina yote mawili. Akiandika "viwanja NA Kinondoni AU Ubungo", kompyuta hutangulia kushughulikia NA kabla ya AU. Atapewa viwanja vya Kinondoni, pamoja na kila kitu cha Ubungo, hata leseni za biashara. Ulizo sahihi lahitaji mabano: viwanja NA (Kinondoni AU Ubungo). Ndiyo maana programu nzuri haigeuzi neno kwa neno. Kwanza huyachambua maneno ya mtafutaji na kuyapanga mfano wa mti wenye matawi, kila tawi na sharti lake. Kisha huuandika mti huo upya kwa lugha ya kanzidata, na mabano yakiwa mahali pake.

Jambo la tatu ni "wala". Tukisema "sitaki ya Mabibo wala ya Manzese", tumekataa yote mawili. Lakini "SIYO Mabibo AU Manzese" humaanisha kwa kompyuta: yasiyo ya Mabibo, au yaliyo ya Manzese, na ya Manzese yaliyokataliwa yatarudi. Tafsiri ya haki ya "wala" ni SIYO (Mabibo AU Manzese), au SIYO Mabibo NA SIYO Manzese. Lugha yetu ina neno moja linalobeba maana hiyo barabara, nasi tusilipoteze.

Tena, maneno yetu hubadilika mwanzoni. Bibo ni tunda la mkorosho, na wingi wake ni mabibo. Mtafutaji wa habari za zao hilo atakutana na kata, na wa kata atakutana na tunda. Tukiiamuru kompyuta itafute kila neno linaloishia na "tabu" ili ipate kitabu na vitabu, italeta na tabu yenyewe. Tukitaka mwalimu na walimu kwa "limu", italeta elimu. Dawa yake ni uchambuzi wa maumbo ya maneno, kama ule wa mfumo wa SALAMA uliotengenezwa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki.

Hata alama ndogo ya ng'ombe ina taabu yake. Katika SQL alama hiyo ndiyo inayofunga maneno yaliyonukuliwa, hivyo ulizo lililoungwa ovyo hukatika katikati ya neno. Na mtu mwenye nia mbaya aweza kupenyeza amri zake hapo. Maneno ya mtafutaji yapelekwe kwa kanzidata yakiwa data, yasichanganywe na amri.

Kwa hayo yote, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, katika fomu za kutafutia, badala ya NA, AU na SIYO, paandikwe "yenye maneno yote haya", "yenye lolote kati ya maneno haya" na "yasiyo na neno lolote kati ya haya". Pili, katika vitabu vya masomo NA, AU na SIYO ziendelee kutumika kwa herufi kubwa, lakini kila moja ielezwe kuwa ni istilahi ya mantiki, wala si neno la mazungumzo. Tatu, kompyuta isijibu "Hakuna" peke yake, bali iseme: "Hakuna rekodi inayotimiza masharti yafuatayo kwa pamoja", kisha iyataje. Hapo ofisa ataweza kuona kwamba kilichokosekana ni sharti lililopangwa vema, na jalada la mwananchi litatafutwa upya kabla hajaambiwa arudi nyumbani.