Diski Bila Daftari

Kickstart ni faili ya maagizo ambayo kisakinishi cha Fedora na Red Hat huisoma, kisha kikafanya kazi yote bila mtu kukaa mbele ya skrini. Ndani yake mara nyingi utakuta agizo fupi: clearpart --all. Agizo hilo hufuta patisheni zote za kila diski ambayo kisakinishi kinaifikia, zikiwemo za hifadhi ya mtandao iliyounganishwa na mashine wakati huo. Kwa mashine mpya iliyotoka kwenye boksi, ni agizo sahihi kabisa. Kwa seva iliyofanya kazi miaka mitatu, yenye diski ya pili iliyojaa nyaraka za ofisi, ni msiba.

Ukilisoma agizo lenyewe, huwezi kujua liliandikiwa mashine ya aina gani. Anayejua ni fundi aliyeliandika, naye akihamia kazi nyingine anaondoka na maarifa hayo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo nashikilia jambo moja: sababu za mpango wa diski ziandikwe ndani ya faili ileile inayoutekeleza. Kickstart haijali mstari unaoanza na alama ya #, basi hapo ndipo pa kuandika. Maelezo yakiwekwa kwenye hati ya pembeni, faili itarekebishwa na hati itasahauliwa, na baada ya muda kila moja itakuwa inasema lake.

Kitu cha kwanza kueleza ni diski inayokusudiwa. Majina kama sda na sdb hutolewa kadiri mfumo unavyozigundua diski, na mpangilio huo unaweza kubadilika mashine inapowashwa upya. Ni salama zaidi kutaja diski kwa utambulisho wake wa kudumu, unaopatikana chini ya /dev/disk/by-id, na kutumia ignoredisk --only-use ili kisakinishi kisiziguse nyingine. Kisha andika diski zilizoachwa zina nini na kwa nini zisiguswe.

Cha pili ni tarakimu. Kickstart hupima kwa MiB, hivyo --size=20480 ni GiB 20. Debian, kwa njia yake ya preseed, huitaka kila patisheni iwe na namba tatu. Ya kwanza ni kiwango cha chini na ya tatu ni cha juu, zote kwa megabaiti. Ya katikati huwachanganya wengi kwa sababu inafanana na ukubwa, kumbe ni kipaumbele: huamua patisheni ipi ipate zaidi nafasi iliyobaki inapogawanywa. Mgeni akikuta 500, 10000 na 1000000000 zimepangwa mstari mmoja bila neno la ufafanuzi, hawezi kujua mwandishi alikusudia nini.

Cha tatu, na ndicho chenye mengi, ni LVM, mfumo wa kusimamia voliumu ulioandikwa kwa ajili ya Linux na Heinz Mauelshagen mwaka 1998. Ufikirie kama mfuko wa kikundi cha kuweka na kukopa. Diski au patisheni ndizo wanachama wanaochanga. Michango yote huingia kwenye mfuko mmoja, yaani kundi la voliumu. Kutoka mfukoni hukatwa voliumu za kimantiki: moja ya mfumo, moja ya /var, moja ya /home. Hesabu hufanywa kwa vipande ambavyo kwa kawaida ni vya MiB 4, na anayepokea haulizi kipande kimetoka kwa mwanachama yupi.

Kikundi chenye busara hakigawi senti ya mwisho. Lakini mafundi wengi huandika --grow kwenye voliumu ya mwisho, yaani ichukue nafasi yote iliyobaki, mfuko ukabaki mtupu. Siku /var inapojaa, hakuna pa kukopa. Tena XFS, mfumo wa faili ambao ndio chaguo-msingi la Red Hat Enterprise Linux tangu toleo la 7 la mwaka 2014, hukubali kuongezwa lakini haupunguzwi. Nafasi uliyoipa hairudi mfukoni. Bora kuacha sehemu ya kundi bila kugawiwa, na kuandika wazi kwamba imeachwa kwa makusudi. Usipoandika, atatokea mtu mwenye nia njema aione kuwa ni kosa, “alirekebishe”.

Maelezo mazuri hayarudii agizo. Kuandika “hapa tunatengeneza /var/log” hakumsaidii mtu, maana mstari unaofuata unasema hivyohivyo. Andika hivi:

# /var/log imetengwa ili kumbukumbu zikifurika zisiujaze mfumo mzima. Ikijaa, iongezwe kutoka nafasi huru ya kundi. Isichukue ya /home.

Usakinishaji ukiisha, Anaconda, ambacho ndicho kisakinishi chenyewe cha Fedora na Red Hat, huacha /root/anaconda-ks.cfg kama rekodi ya uliyochagua. Rekodi hiyo inakuambia kilichofanyika, haikuambii kwa nini.

Kabla ya kuitumia faili yako, mpe mwenzako ambaye hakushiriki kuiandika. Mwombe achore diski itakavyokuwa, aseme pia kipi kitafutwa. Kisha itumie kusakinisha mashine ya majaribio, ulinganishe mchoro wake na matokeo ya amri za lsblk, vgs na lvs. Kila penye tofauti pana maelezo ambayo hujayaandika.