Mto na Johari Zake

Asimamaye Ekalakala, huko Masinga, ambako maji ya Mto Tana yamezuiliwa kwa bwawa kubwa tangu 1981, hukanyaga miamba ya kale iliyogeuzwa kwa joto na uzito wa ardhi. Na silsila ya miamba hiyo, ielekeapo kusini, ndiyo iliyozaa yakuti za bonde la Umba, mto ushukao kutoka Usambara na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga. Mvua hulegeza mwamba, mto huchukua changarawe, na johari, kwa kuwa nzito kuliko mchanga, hutuama mashimoni. Mgeni azitazame tu, kwani kuchimba hutaka idhini ya serikali. Zipo za buluu, za manjano, za zambarau, na nyingine, subhana Llah, hubadili rangi mbele ya taa!