Nyasi za Chemchemi zenye Mistari

Nyasi za chemchemi zenye mistari ni nyasi za mapambo zinazoota kwa kichaka cha duara. Majani yake ni membamba na marefu, yamechanganya zambarau, waridi, weupe na kijani. Katikati yake huchomoza mashuke laini yenye nywele, yanayopinda kuelekea nje kama maji yanayorushwa juu na kuanguka pande zote. Aina iliyozitangaza kwa wapenda bustani ni Fireworks, iliyopatikana Marekani na kuingia sokoni katika muongo wa kwanza wa karne hii. Jani lake lina utepe wa zambarau iliyoiva katikati na kingo za waridi kali. Baada yake zilikuja Skyrocket, ambayo jani lake ni la kijani lenye ukingo mweupe, na Cherry Sparkler, ambamo kijani, nyeupe na waridi hukutana katika jani moja. Kwa kawaida kichaka hufikia kimo cha sentimita 60 hadi 90, na upana usiopungua sana hapo.

Upya wa nyasi hizi uko kwenye jani. Kwa miaka mingi nyasi za mapambo zilithaminiwa kwa mashuke, mwenye bustani akisubiri msimu wa maua ndipo aone faida ya subira yake. Hizi hupendeza tangu siku zinapotoka kitaluni, kabla hazijatoa suke hata moja, na mashuke yakija huwa ni nyongeza.

Afrika Mashariki ina ndugu wengi wa mmea huu. Jenasi yake, Pennisetum, ndiyo ya uwele, nafaka ya uji na ugali katika maeneo makavu kama Dodoma, Singida na Kitui. Ndiyo pia ya mabingobingo, au nepia, wanayokatiwa ng'ombe wa maziwa kila asubuhi, na ya nyasi za Kikuyu zinazotandazwa kwenye nyua na viwanja vya michezo vya nyanda za juu. Hata uwele wenyewe umeingia bustanini: aina ya Purple Majesty, yenye majani na mashuke ya zambarau inayokaribia weusi, ilizalishwa Chuo Kikuu cha Nebraska na mwaka 2003 ikapewa nishani ya dhahabu ya All-America Selections, taasisi inayojaribu mimea mipya ya bustani huko Marekani. Nafaka ambayo wakulima wa Afrika waliitunza kwa maelfu ya miaka ili wasife njaa sasa hupandwa pia kwa ajili ya macho, na hilo ni jambo la kujivunia.

Nyasi za chemchemi za mwituni, Pennisetum setaceum, asili yake ni kaskazini na mashariki mwa Afrika pamoja na Rasi ya Uarabuni. Huota kwenye miteremko mikavu yenye mawe, mahali ambapo mimea mingine hukata tamaa. Aliyezieleza kwanza kisayansi ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa mtaalamu wa mimea Linnaeus, aliyesafiri na msafara wa mfalme wa Denmark kwenda Misri na Uarabuni. Forsskål alifia Yemen mwaka 1763 akiwa na umri wa miaka 31. Kitabu chake cha mimea kilichapishwa mwaka 1775 kwa juhudi za Carsten Niebuhr, ambaye kati ya wasafiri wote wa msafara ule ndiye peke yake aliyerudi nyumbani hai. Mwaka 2010 kundi la wataalamu lilipendekeza jenasi yote ya Pennisetum iunganishwe na Cenchrus, kwa hiyo mmea huohuo sasa hupatikana vitabuni kwa majina mawili. Vitalu vingi vimebaki na lile la zamani.

Aina zenye mistari hazikutoka moja kwa moja kwenye nyasi hizo za mwituni. Mama wa Fireworks ni Rubrum, nyasi za chemchemi za zambarau zilizopandwa kwa miongo mingi katika bustani za nchi za joto na ambazo ni rahisi kuziona pia katika mandhari za miji ya Ghuba. Kwa muda mrefu Rubrum ilihesabiwa kuwa P. setaceum yenye rangi tu. Mwaka 1999 wataalamu wawili, Wipff na Veldkamp, walionyesha kuwa ni mmea mwingine, wakauita Pennisetum advena. Inaaminika ni chotara. Jani lake ni pana zaidi, suke ni refu na zito zaidi, na mbegu zake ni haba mno, mara nyingi hakuna kabisa. Tofauti hiyo ya mbegu, inayoonekana ndogo, ndiyo yenye uzito kuliko zote kwa mwenye bustani, kama itakavyoonekana mbele.

Mistari yenyewe hutokana na kasoro. Kila jani la nyasi huanzia kwenye ncha ya ukuaji, kitone cha seli kilichofichwa ndani ya chipukizi. Seli hizo zimepangwa kwa tabaka, na kila tabaka hujenga sehemu yake ya jani. Ikitokea seli moja ikapata badiliko la vinasaba likaifanya ishindwe kutengeneza umbijani, ile rangi ya kijani ya majani, seli zote zinazozaliwa nayo hurithi upungufu huohuo. Zikishika tabaka zima la ncha ya ukuaji, chipukizi hilo litatoa majani yenye tishu za namna mbili zinazoishi bega kwa bega: moja yenye umbijani na nyingine isiyo nao. Kwa kuwa jani la nyasi hurefuka kutoka chini kwenda juu, tishu hizo hujipanga kwa michirizi mirefu badala ya mabaka ya duara yanayoonekana kwenye mimea mingine ya mapambo.

Waridi nayo ina chanzo chake. Rubrum ina anthosiyanini kwa wingi, rangi ileile ya asili inayopatikana kwenye rozela na kabichi ya zambarau. Pale anthosiyanini inapokaa pamoja na umbijani, jicho huona zambarau nzito. Pale umbijani unapokosekana, anthosiyanini hubaki peke yake juu ya weupe, na matokeo yake ni waridi. Katika Skyrocket, ambayo majani yake hayana anthosiyanini nyingi, ukingo uliokosa umbijani hubaki mweupe.

Sehemu isiyo na umbijani haiwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Hulishwa na sehemu ya kijani iliyo kando yake. Kwa hiyo mmea wenye mistari hukua polepole kuliko mama yake, na ukingo mweupe huungua kwa urahisi ukame unapozidi. Tena, mpangilio huo wa tabaka hauwezi kupita kwenye mbegu, hata kama mbegu ingepatikana. Mmea huzalishwa kwa kugawa shina au kwa pingili zenye vifundo, na kila mche unaouzwa ni kipande cha chipukizi lile la kwanza ambalo mtu mmoja mwenye jicho makini aliliona kwenye kitalu akakataa kulitupa. Bila mikono ya watu, Fireworks isingedumu.

Kuna jambo lingine linalomhusu anayeukuza mmea huu. Mara kwa mara tabaka huchanganyikana, na chipukizi hutoka likiwa na rangi moja tu, zambarau tupu au kijani tupu. Chipukizi hilo lina umbijani kila mahali, kwa hiyo lina nguvu kuliko wenzake, na likiachwa litakimeza kichaka chote ndani ya misimu michache. Dawa yake ni kuling'oa na mzizi wake mara linapoonekana. Kukata majani peke yake hakusaidii, kwa sababu litachipua tena kutoka palepale. Chipukizi likitoka jeupe kabisa halina haja ya kuguswa, kwani halina uwezo wa kujilisha na hudhoofika lenyewe.

Kwa kuwa mmea hauzai kwa mbegu bali hunakiliwa, haki ya aliyeugundua huweza kulindwa kisheria. Marekani imekuwa na sheria ya hataza za mimea ya aina hiyo tangu mwaka 1930. Kenya ilijiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, mwaka 1999, na Tanzania mwaka 2015. Ili aina ilindwe ni lazima iwe tofauti na zilizotangulia, mimea yake ifanane, na sifa zake zibaki zilezile kizazi hadi kizazi. Kwa nyasi za mistari sharti la mwisho ndilo gumu, kwa sababu hiyo ya machipukizi yanayorudi kwenye rangi moja.

Kuzitunza hakuhitaji ufundi mkubwa. Nyasi hizi hutumia usanisinuru wa aina moja na mahindi na miwa, unaofanya kazi vizuri zaidi kwenye joto na mwanga mwingi. Zinataka jua la moja kwa moja saa sita au zaidi kwa siku. Kivulini huishi, lakini waridi hufifia, mashuke hupungua, na majani hulegea na kulala. Udongo wowote unafaa mradi maji yasituame; udongo wa mfinyanzi wa bondeni uchanganywe na mchanga na mboji, au mmea uinuliwe kwenye tuta. Mbolea iwe kidogo. Anayemwaga mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi akidhani anaukirimu mmea hupata majani marefu, laini, yanayoanguka chini kwa mvua ya kwanza. Wadudu wanaousumbua ni wachache, ingawa kutu ya majani huweza kutokea vichaka vikibanana mahali penye unyevu.

Baridi ndiyo adui. Ulaya na sehemu kubwa ya Amerika Kaskazini nyasi hizi hupandwa kama mmea wa msimu mmoja na hufa kwa baridi ya kwanza ya kugandisha. Pwani, Dar es Salaam au Nairobi zinaweza kuishi mwaka mzima, na tahadhari inahitajika tu katika nyanda za juu ambako sakitu hushuka usiku. Kichaka hukatwa mara moja kwa mwaka, kubakiza sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, na wakati mzuri ni mvua zinapokaribia ili machipukizi mapya yapate maji. Kila baada ya miaka miwili au mitatu katikati ya kichaka huanza kufa. Hapo hung'olewa, hugawanywa kwa kisu au jembe, na vipande vya pembeni vyenye afya na mistari iliyo wazi ndivyo vinavyopandwa upya.

Kwenye chungu ndipo nyasi hizi zinapoonyesha thamani yake yote, hasa kwa wakazi wa ghorofani na wenye baraza ndogo za saruji. Chungu cha upana wa sentimita 30 hadi 40 kinatosha kichaka kimoja, na lazima kiwe na matundu chini. Mchanganyiko mzuri ni udongo wa juu wa bustani, mboji iliyoiva na mchanga wa mto. Chungu hukauka upesi kuliko ardhi, kwa hiyo wakati wa jua kali humwagiliwa kila siku au kila siku ya pili, baada ya kuchomeka kidole na kukuta tabaka la juu limekauka. Katikati hukaa nyasi, na pembeni hupandwa mimea mifupi au ya kutambaa. Viazi vitamu vya mapambo vyenye majani ya kijani angavu huning'inia kwenye ukingo wa chungu na kuifanya waridi ya Fireworks ionekane maradufu. Makosa ya kawaida ni kujaza chungu kimoja mimea mitano yenye majani ya mabaka na mistari; macho hukosa pa kutua, na hakuna hata mmoja unaothaminiwa.

Limebaki suala la mbegu, nalo si dogo. P. setaceum ya mwituni, ilipopelekwa mbali kama pambo, iligeuka gugu zito. Katika kisiwa cha Hawaii ilienea kwenye misitu mikavu na nyanda za lava, ikawa kuni za moto wa porini: moto ukipita, nyasi huchipua tena kutoka shinani huku miti ya asili ikiteketea. Visiwa vya Canary na Afrika Kusini vimepata tabu hiyohiyo. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliiweka kwenye orodha ya mimea vamizi isiyoruhusiwa kuuzwa wala kupandwa. Rubrum, Fireworks na Skyrocket, kwa kuwa ni za P. advena na mbegu zake ni haba, zilibaki nje ya katazo hilo. Uainishaji uliodhaniwa kuwa kazi ya maktaba tu ndio uliookoa biashara ya vitalu vingi.

Kenya na Tanzania hali ni tofauti, maana nyasi za mwituni ni wenyeji wa huku na zina wadudu, wanyama na mimea shindani iliyozizoea tangu zamani. Hata hivyo, mche ulioletwa kutoka ng'ambo si lazima ufanane na ule wa mteremko wa jirani, na anayeagiza miche nje anatakiwa apate kwanza kibali cha kuingiza mimea kutoka mamlaka ya afya ya mimea, yaani KEPHIS nchini Kenya au TPHPA nchini Tanzania, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi miche inakotoka. Kwa mnunuzi wa kawaida kwenye kitalu cha kando ya barabara, dalili za kutazama ni tatu: jani pana kiasi badala ya jembamba kama uzi, suke refu linaloinama kwa uzito, na mistari inayoanzia chini ya jani hadi kwenye ncha. Mche wa kijani tupu wenye suke jepesi, lililonyooka na linalopukutika mkononi huenda ni P. setaceum yenyewe, na mashuke yake yakatwe kabla hayajakomaa.