Uhalisia wa Garimoshi Dogo

Aghalabu mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza katika chumba chenye reli ya mfano huvutiwa na umbo la vitu: injini inayobebeka kwa mkono mmoja, daraja la vijiti, stesheni yenye saa ukutani. Garimoshi likifanya mzunguko wa kwanza, mgeni hutabasamu; likifanya wa pili, hutazama; likifanya wa tatu, huanza kutafuta kiti. Fundi hakukosea popote katika kuunda wala katika kupaka rangi. Ila garimoshi lake halina linakokwenda.

Suala hili lilishughulikiwa mapema na Mmarekani Frank Ellison, mwenye reli ya mfano ya Delta Lines mjini New Orleans. Katika mfululizo wa makala uliochapishwa mwaka wa 1944 katika jarida la Model Railroader, aliifananisha reli ya nyumbani na tamthilia: mandhari ni jukwaa, magarimoshi ni waigizaji, na ratiba ndiyo ploti. Msomaji wa fasihi hahitaji kuelezwa zaidi. Mhusika asiye na nia hawi hai kwa sababu tu amevishwa maleba mazuri.

Nia hiyo hupatikanaje? Kila behewa hupewa kadi inayoonyesha aina na nambari yake, pamoja na hati ya shehena inayotaja litokako na liendako. Behewa la makaa ya mawe, kwa mfano, hutoka mgodini likiwa limejaa, hupelekwa kwenye kituo cha kuzalisha umeme, kisha hurudishwa likiwa tupu. Mwendeshaji hana budi kulichomoa katikati ya msafara, alisukume hadi reli ya pembeni, kisha aondoke upesi kwa kuwa garimoshi la abiria linamfuata nyuma katika njia iyo hiyo. Hapo ndipo mgogoro unapozaliwa. Ili kazi ya siku nzima itoshe katika jioni moja, hutumiwa saa iliyoharakishwa. Kasi yake ikiwa mara 6, saa 24 za reli hupita katika saa 4 za kawaida.

Ugumu mkubwa ni umbali. Katika uwiano wa 1:87, uitwao HO na ulio maarufu zaidi, kilomita moja huwa takriban mita 11.5. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka wa 2017, ingehitaji zaidi ya kilomita 5 za reli ndogo, na ni nyumba gani hiyo? Kwa hivyo mjenzi hufupisha kama afanyavyo mwandishi wa hadithi fupi: huteua stesheni chache na kuificha njia nyuma ya kilima, ili jicho liamini kwamba safari ni ndefu. Mwendo nao hupimwa. Garimoshi la kilomita 60 kwa saa linapaswa kwenda sentimita 19 tu kwa sekunde. Wengi huliendesha kasi kuliko hivyo, na papo hapo likarejea kuwa kitu cha kuchezea.

Aliyeyaunganisha haya kwa ustadi wa kupigiwa mfano ni John Allen, mpiga picha wa Monterey, California. Reli yake iliitwa Gorre & Daphetid, jina ambalo likitamkwa kwa Kiingereza husikika kama maneno yenye maana ya "iliyolowa damu na kushindwa"; mzaha wa makusudi. Milima yake ilianzia sakafuni ikapita kimo cha mtu, na marafiki zake walikuja kuiendesha kwa ratiba, kila mmoja na kazi yake. Allen alifariki Januari 1973. Siku chache baadaye moto ukaiteketeza reli hiyo. Picha alizozipiga zimebaki, na wajenzi wangali wanazichunguza bonde kwa bonde. Lisiloonekana humo ni behewa likingoja zamu yake kwenye reli ya pembeni, na mwendeshaji akiitupia saa jicho.